Chipu ya Kijani ya Meza ya Nne

Kila mtu katika ule mji amewahi kupita mikononi mwa Fundi Mihuri bila kujua. Kadi ya kliniki, barua ya uhamisho wa mtoto, risiti ya duka la dawa: ule mhuri wa bluu uliopigwa upande upande pale chini, ukiufuata hadi ulikozaliwa, utafika kwenye chumba chembamba kati ya kinyozi na duka la vipuri vya baiskeli. Humo utamkuta mwanamume mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, ameinamia kipande cha mpira na kiwembe chake, anachonga herufi kinyumenyume. Miaka thelathini ya kuandika kinyume ilikuwa imempa jina kubwa mtaani na maumivu ya shingo. Mkewe alikuwa akisema ndiyo maana hata akili yake inaanzia mwisho.

Tuelewane mapema kwamba hakuwa tapeli. Wako waliokuja kumtaka awachongee mhuri wa ofisi ambayo si yao, na aliwafukuza kwa maneno ambayo kinyozi wa jirani bado anayakumbuka na kuyatumia. Udhaifu wake ulikuwa mwingine. Alipenda kusifiwa. Ukimwambia kwamba hakuna mkono kama wake, alilegea kama mpira aliokuwa akiuchonga, na hapo ungeweza kumpitisha popote.

Kwenye mambo ya chipu aliingizwa na shemeji yake. Chipu za kasino, kwa asiyezijua, ni vidude vya mviringo, vizito kidogo, ambavyo mcheza kamari hupewa badala ya noti ili asisikie uchungu anapoliwa. Wako watu ambao hawajawahi kucheza hata karata ya kufukuzia usingizi, lakini vidude hivyo wanavikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Shemeji yake, ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu, alikuwa mmoja wao. Alikuwa amefundisha jiografia hadi akastaafu, mito na milima ya dunia nzima, bila yeye mwenyewe kuvuka mpaka hata mmoja. Chipu ndizo zilikuwa safari zake. Alizipanga kwenye albamu yenye mifuko ya plastiki, na chini ya kila moja aliandika kwa wino mweusi mji ilikotoka na mwinuko wa mji huo kutoka usawa wa bahari, jambo ambalo hakuna aliyemwomba.

Wakusanyaji walikuwa na chama chao, watu ishirini na kidogo, waliokutana Jumamosi asubuhi kwenye chumba cha kusomea cha maktaba. Chipu nyingine zilikuwa adimu mno, na pengo kwenye albamu humwuma mkusanyaji kama pengo la jino. Kwa hiyo Fundi, naye akiwa mwanachama, aliwatengenezea nakala za kuzibia mapengo. Sharti lilikuwa moja: kila nakala ichomwe herufi N kwa sindano ya moto, usoni kabisa, hadharani. Chama kilikuwa kikali juu ya jambo hilo, na kilikuwa na sababu. Nakala haikai pale ulipoiacha. Mkono wa kwanza unajua, wa pili unasahau, wa tatu unaapa kwamba ni yenyewe.

Sasa tufike kwa marehemu. Dada mdogo wa Fundi, ambaye ndiye alikuwa mke wa Mwalimu, aligawa karata miaka kumi na mmoja katika kasino moja iliyoitwa Nyota Saba. Siku zote alisimama meza ya nne, na meza ya nne peke yake ndiyo ilitumia chipu za kijani. Kasino ilipofungwa, chipu zote zilisagwa na kumwagwa pamoja na zege kwenye msingi wa jengo jipya, isipokuwa chache zilizokuwa zimesahaulika mifukoni mwa watu. Miaka mingi baadaye mama huyo aliugua na kufariki. Mwalimu akabaki na nyumba, redio, na wazo moja ambalo halikumtoka: popote ilipo chipu ya kijani ya Nyota Saba, vidole vya mke wake vimepita juu yake. Hakuna namna ambayo havikupita.

Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale, ambaye wakusanyaji walimwita Bwana Tai kwa sababu hata kwenye joto kali tai haikutoka shingoni, ndiye aliyeipata moja. Siku moja akaileta kwa Fundi imefungwa kwenye pamba.

"Nitengenezee pacha wake," alisema. "Yenyewe nitaifungia, pacha nitamweka kabatini dukani. Ila fundi wangu, ile N yako usiiweke. Inakaa kama ndui usoni. Kazi nzuri hivi, kwa nini uitie ndui?"

"Sheria ya chama, bwana."

"Sheria ni kwa mafundi wa kawaida. Wewe hata ukiweka N, watu watasema ile N ndiyo feki." Akacheka, na Fundi, Mungu amsamehe, akacheka pia.

Alifanya kazi ile wiki tano. Alichanganya udongo mweupe na gundi ya mirija miwili, ile inayogeuka jiwe ikichanganywa, akatia vumbi la shaba ili uzito ulingane, akamwaga kwenye kalibu, akavunja, akaanza tena. Kila alipoishika ile ya asili alimwona dada yake akiwa kwenye sare yake, anazipanga kwa mkono mmoja bila kutazama, na kwa ajili yake alikataa kukosea. Pembeni kulikuwa na nyota saba ndogo, na kati ya nyota ya tano na ya sita palikuwa na kimstari kilichopinda kama ndoano. Fundi hakuwa amewahi kuona kwa karibu chipu nyingine ya aina ile, akadhani ni alama ya siri ya kasino. Alikichonga kimstari kile kwenye kalibu kwa siku mbili nzima, na alipomaliza alijipongeza kwa soda baridi. N hakuiweka.

Miezi minne ikapita. Jumamosi moja, kabla ya mkutano wa chama, Mwalimu aliingia dukani kwa Fundi mbio mbio na Bwana Tai nyuma yake. Hakusalimia. Alifungua kasha la miwani, na ndani yake, juu ya kitambaa cha kufutia vioo, ilikuwapo chipu ya kijani.

"Shemeji, nimempata," alisema. Hakusema nimeipata. "Nampa huyu bwana albamu yangu yote. Yote! Najua utaniona mwehu. Lakini kabla hatujapeana mikono, nataka wewe uitazame. Wewe ndiye jicho langu."

Fundi akaishika. Mtu huijua kazi ya mkono wake hata gizani, na kidole gumba chake kilimwambia kitu mara moja, kabla macho hayajafika. Akamtazama Bwana Tai. Bwana Tai alikuwa akisoma kalenda ya ukutani kwa makini makubwa, kalenda ya mwaka juzi.

Fundi alijiambia kwamba huenda ni ile ya asili. Si zilikuwa pacha? Kimstari kile kilikuwapo kwa zote mbili. Na njia ya kujua alikuwa nayo: kwenye droo, kiasi cha shibiri moja kutoka mkononi mwake, ilikuwapo taa ya zambarau, ya aina ile wanayotumia benki kukagua noti. Gundi yake ingeng'aa chini ya taa ile, na udongo wa kasino usingeng'aa. Ilikuwa ni kuvuta droo na kubonyeza. Lakini taa ile ingeng'arisha pia jambo jingine, kwamba yeye, mtu wa N, aliwahi kutoa nakala bila N. Na Mwalimu alikuwa amesimama mbele yake, machozi yanamlenga, anatabasamu kama mtoto aliyeahidiwa safari.

"Ni yenyewe," Fundi akasema.

Maneno mawili tu. Akawatazama wanapeana mikono, akawatazama wanatoka, kisha akaivuta ile droo, akaitazama taa, na kuifunga tena.

Kuanzia hapo nafsi yake ikawa inamsuta bila kupumzika. Jambo lililomuumiza zaidi ni kwamba Mwalimu alipona. Mzee yule, ambaye tangu mazishi alikuwa akiishi kwa chai ya rangi na taarifa ya habari, alianza kunyoa ndevu, akafungua madirisha, akaanza kula akashiba. Fundi alipomtembelea Jumapili moja mchana, alisimama mlangoni akasikia mazungumzo ndani. Alidhani kuna mgeni. Alipoingia alimkuta Mwalimu peke yake mezani, chipu imewekwa mbele yake juu ya kisosi cha kikombe.

"Usinicheke," Mwalimu alisema kwa aibu. "Huwa naongea naye kidogo. Namweleza ya nyumbani. Ajabu, shemeji, mwenzako nasikia nafuu! Kuna mambo hata alipokuwa hai sikuwahi kumwambia."

Fundi alirudi nyumbani na homa isiyo na joto. Wiki ile alichonga mhuri wa kliniki kwa herufi zilizonyooka, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini, na kadi za wajawazito arobaini zikagongwa maandishi ambayo yangesomeka kwenye kioo tu. Muuguzi mkuu alikuja dukani mwenyewe kuzungumza naye, na hakuzungumza kwa upole.

Mkewe alimngoja amalize kuoga, akamkalia mlangoni.

"Baba watoto, una mwanamke au una ugonjwa?"

"Sina vyote viwili."

"Basi una dhambi. Iseme."

Akaisema. Mkewe alikuwa akikunja na kukunjua taulo.

"Kumtengenezea Tai ulikuwa ujinga," alisema. "Ujinga unasameheka. Lakini ulimtazama mtu aliyekuita jicho lake, ukamfumba macho. Nenda kamwambie. Leo."

"Amepona, mama. Nikimwambia namuua."

"Unamuonea huruma yeye, au unajionea wewe?"

Jibu Fundi alilijua. Hakwenda siku ile, wala iliyofuata. Kila asubuhi alijiambia acha kwanza azoee, na kila siku Mwalimu alizoea zaidi, na jambo lenyewe likazidi kuwa gumu. Alimtafuta Bwana Tai amwombe walau albamu irudi. Duka lilikuwa limefungwa, simu haipatikani, na jirani yake alisema ameshahama na kabati zake.

Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwezi wa tatu tangu wapeane mikono, mwanachama mmoja mpya, mama mfamasia aliyekuwa na duka la dawa karibu na stendi, alikuja mkutanoni na kikopo kidogo cha vidonge. Ndani yake hamkuwa na vidonge. Mlikuwa na chipu ya kijani ya Nyota Saba, aliyoinunua kwa Bwana Tai siku chache kabla hajatoweka. Watu walishangilia. Chipu mbili za kijani katika chumba kimoja! Mwalimu alifurahi kuliko wote, akatoa kasha lake la miwani, na zikawekwa bega kwa bega juu ya meza.

Mwenyekiti wa chama, mkunga mstaafu mwenye sauti ya kuamuru watu wasukume, aliziinamia na kioo cha kukuzia. Alizigeuza moja baada ya nyingine.

"Hiki kimstari hapa, kati ya nyota ya tano na ya sita," alisema. "Si alama ya kiwandani. Huu ni mkwaruzo. Mtu aliiweka mfukoni na funguo." Akainua kichwa. "Na upo kwenye zote mbili, mahali palepale. Nimezalisha mapacha wengi maishani mwangu. Watafanana pua, watafanana masikio. Ila sijawahi kuona mapacha waliozaliwa na kovu moja. Mmoja hapa ametengenezwa."

Siku mbili nzima alizozimaliza akichonga kovu! Fundi alikuwa amekaa karibu na dirisha.

"Basi hakuna haja ya maneno mengi," Mwalimu alisema kwa utulivu wote wa mtu mwenye uhakika. "Yangu ilipimwa na shemeji yangu huyu hapa, mnamjua nyote. Mama, pole sana, lakini ya kwako ndiyo ya bandia. Na ungetuambia umeitoa wapi hasa."

Mfamasia alisimama. "Mwalimu, mimi nauza dawa. Nikiuza za bandia watu wanakufa. Usinitamkie neno hilo mbele za watu."

"Simsingizii mtu. Nasema shemeji yangu hakosei."

Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema tangu lini mfamasia akajua mambo ya kasino. Mwingine akasema chama kilikuwa na amani kabla ya wanachama wapya. Mwenyekiti akagonga meza kwa kioo chake, akamgeukia Fundi.

"Fundi, wewe ndiye tunayekuamini. Njoo utuamulie."

Kutoka dirishani hadi ile meza palikuwa na hatua tano. Fundi alizitembea huku anamwona Mwalimu akimpisha njia kwa fahari, kama mzazi anayempisha mwanawe akachukue zawadi. Angeweza kusema tena yale maneno mawili. Mama wa watu angetoka pale na jina la utapeli, Mwalimu angerudi nyumbani na kisosi chake, na yeye angeendelea kuwa Fundi. Alilifikiria hilo, na hatukuja hapa kumsafisha: alilifikiria kwa dhati kabisa.

Alitoa taa ya zambarau mfukoni. Kwa wiki nyingi sasa alikuwa ameitoa kwenye droo, akitembea nayo bila kuiwasha. Akaibonyeza. Ya mfamasia ilibaki kijani kizito, kimya. Ya Mwalimu iling'aa kingo zote, rangi ya maziwa.

"Hii nimeitengeneza mimi," alisema. "Ni Bwana Tai aliyeniomba, na sikuweka N. Na siku Mwalimu alipoileta niliitambua nikasema ni yenyewe. Mama, nisamehe. Shemeji..."

Chama kilimfuta palepale, na hakuna aliyempigia kura ya kumtetea, hata yeye mwenyewe. Mfamasia alifunga kikopo chake akaondoka bila kumtazama mtu. Mwalimu aliichukua chipu yake, akairudisha kwenye kasha la miwani, akalifunga polepole, akatoka. Fundi alimfuata kwa mbali, barabara nzima, kama mbwa aliyefukuzwa asiyejua pa kwenda.

Mlango haukufungwa. Alimkuta amekaa mezani, kasha la miwani mbele yake. Kisosi kilikuwa palepale, kimeoshwa.

"Albamu nitaitafuta," Fundi akaanza. "Tai nitamsaka popote alipo. Na nitakutengenezea moja moja, zote, na N zake, hata ikinichukua miaka kumi..."

"Shemeji, keti."

Akaketi.

"Albamu ni makaratasi," Mwalimu alisema. Hakuwa na hasira, na Fundi angetoa chochote apate kuiona hasira. "Sikiliza. Siku aliyofariki mke wangu, mimi nilikuwa nimetoka wodini. Aliniomba nisiende. Aliniambia, kaa kidogo tu. Nikamwambia nakuja sasa hivi. Nilikuwa nimechoka, nilitaka tu kukaa mahali pasipo na harufu ya dawa. Nilikaa kwenye benchi nje, chini ya tangazo la sabuni, nikalisoma lile tangazo mara nyingi sana. Niliporudi alikuwa amefunikwa. Watu wote niliwaambia nilikuwepo. Hata wewe nilikuambia alikufa nimemshika mkono."

Fundi alikumbuka. Maneno hayo ndiyo yaliyomwezesha kuyavumilia mazishi.

"Sikumwambia mtu yeyote. Nilimwambia yeye, hapa mezani. Nilimweleza benchi, nilimweleza tangazo. Nilimwomba msamaha, shemeji, siku baada ya siku, miezi hii mitatu, nikawa naamka mwepesi kwa sababu nilijua mkono wake upo hapo na amenisikia." Alilisukuma lile kasha kidogo, kwa kidole kimoja, hadi katikati ya meza. "Sasa wewe uliyeitengeneza nifahamishe. Nilikuwa namwomba nani?"

Fundi alikuwa kaka wa marehemu, wa tumbo moja. Katika dunia nzima alibaki yeye tu ambaye angeweza kuupokea msamaha ule kwa niaba yake na kusema, amesikia, amekusamehe. Alifungua kinywa aseme hivyo. Akaona macho ya Mwalimu, yakimtazama yakingoja jibu kweli kweli, na akajua kwamba lolote atakalosema kwa niaba ya dada yake, mzee huyu atalishika, ataligeuza, na kujiuliza kama ni lenyewe.